Geji ya turbo ikipanda Mbeya: mshale "mbovu" ambao haukuwa mbovu

Mwaka jana shemeji yangu alikaribia kuuza viazi vyake vikiwa bado shambani, vingine havijakomaa, ili apate pesa ya kushusha injini. Gari lenyewe ni Subaru Forester ya petroli, ya turbo, aliyoinunua kwa mtu Dar es Salaam na kuiendesha mwenyewe mpaka Mbeya. Tangu ifike ilikuwa nzito. Ikiona mlima inahema.

Akaipeleka gereji moja hapa Soweto (Soweto yetu ya Mbeya, siyo ile ya Afrika Kusini), na fundi akashauri ifungwe geji ya turbo ili waone kinachoendelea ndani. Ushauri mzuri kabisa. Geji ikafungwa, gari likawashwa, mshale ukasimama kwenye -0.48. Sasa, karatasi iliyokuja ndani ya boksi la geji inasema injini nzima ikiwa sailensi, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, isome kati ya -0.60 na -0.75. Fundi akatikisa kichwa: ringi za pistoni zimekwisha. Akapima na kompresheni, nayo ikatoka ndogo. Vipimo viwili, jibu moja. Shemeji akanipigia simu kuniuliza kama nina akiba.

Mimi si mtu wa magari. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ni wa mambo ya hali ya hewa, na kwenye gari najua kukaa kiti cha mbele. Lakini niliposikia "-0.48, Mbeya", kuna kitu kilinigonga. Namba hiyo nilikuwa naijua kutoka upande mwingine kabisa.

Geji haipimi turbo, inalinganisha hewa mbili

Fungua geji ya kawaida, ile isiyotumia umeme, na ndani utakuta kijibomba chembamba cha chuma kilichokunjwa kama herufi C. Ni uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon, tangu mwaka 1849, na mpaka leo hakuna aliyeona haja ya kuubadilisha sana. Presha ndani ya kijibomba ikizidi ya nje, kinajaribu kujinyoosha. Ikipungua, kinajikunja zaidi. Mshale unafuata. (Darasani tuliita kanieneo. Gereji ni presha, na hapa tutakwenda na gereji.)

Zingatia maneno "ya nje". Kijibomba hakina namna ya kujua presha halisi ya hewa iliyo ndani yake. Kinachojua ni tofauti tu kati ya hewa ya ndani ya injini na hewa inayokizunguka pale kwenye dashibodi. Sifuri ya geji maana yake ni "ndani sawa na nje", basi.

Na hewa ya nje si ileile kila mahali. Hewa ina uzito, na presha tunayoisikia ni uzito wa hewa yote iliyo juu yetu mpaka mwisho wa anga. Dar es Salaam uko chini kabisa, umebebeshwa rundo zima: kama kilopaskali (kPa) 101. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, sehemu ya lile rundo tumeiacha chini, na kilichobaki ni kama kPa 83. Pungufu ya karibu asilimia 18. Wanaocheza mpira wakitoka pwani wanaijua hiyo bila fizikia.

Sasa rudi kwenye injini ya petroli. Ikiwa sailensi, kipepeo cha hewa, kile mafundi wanaita throto, kimefunga karibu chote, na pistoni zinavuta hewa kupitia upenyo mdogo sana. Ndani ya manifoldi kunabaki hewa nyembamba, tuseme kPa 35. Injini inahitaji takriban kiasi hichohicho cha hewa kujizungusha, iwe Dar au Mbeya, kwa hiyo hiyo 35 haibadiliki sana. Kinachobadilika ni cha nje. Dar: 35 kutoa 101 ni -66. Mbeya: 35 kutoa 83 ni -48. Geji nyingi zinaandika kwa bar, na bar moja ni kPa 100 (bar ya kipimo, siyo ile ya Ijumaa jioni), kwa hiyo zitasoma -0.66 na -0.48.

Injini moja, afya moja, namba mbili. Karatasi ya kwenye boksi iliandikwa na mtu aliye karibu na bahari.

Na kompresheni je?

Hapa ndipo nilimwelewa fundi, na kwa kweli sikumlaumu. Mtu ana vipimo viwili vya vifaa tofauti na vyote vinasema injini imechoka. Nani asingeamini?

Lakini vipimo hivyo viwili vinaonewa na mlima uleule. Unapopima kompresheni, silinda inavuta hewa ya mahali ulipo na kuibana. Ukianza na hewa pungufu kwa asilimia 18, unamaliza na presha pungufu kwa kiasi hichohicho. Injini inayotoa bar 11 Dar itatoa kama 9 Mbeya, ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo huku kwetu usiangalie sana ukubwa wa namba. Angalia kama silinda zinafanana. Ringi haziishi zote nne siku moja kwa usawa, kwa kawaida moja hutangulia. Za shemeji zilikuwa zinapishana kidogo mno. Fundi aliziandika kwa chaki ukutani, bado zipo.

Nilimweleza fundi. Akanisikiliza, akanywa chai, akasema, "Dada, hesabu nimekuelewa. Ila injini ikifa barabarani, hesabu haivuti gari." Haki yake. Nikapendekeza tuishushe, lakini siyo injini: tulishushe gari.

Kyela

Kutoka Uyole barabara ya Tukuyu kwanza inapanda milima ya Uporoto, kisha inateremka, inateremka, mpaka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, ambako uko kama mita 500 tu juu ya bahari. Presha pale ni kama kPa 95. Kabla hatujaondoka niliandika kwenye daftari nitakachotegemea kuona Kyela ikiwa injini haina ubaya: 35 kutoa 95, yaani -0.60. Na nikamwambia shemeji ukweli: tukifika Kyela mshale ukabaki kwenye -0.48, basi fundi yuko sahihi na mimi nitachangia pesa ya ringi.

Kule juu Isongole tulisimama, injini ikiwa ya moto. Mshale ulikuwa umepungua kidogo kuliko Mbeya, umelegea. Shemeji akaguna. Tukuyu ukarudi. Kuanzia hapo kila tukisimama ulikuwa unakwenda chini zaidi kwenye upande wa hasi, na Kyela mjini, kwenye joto lile, feni ya rejeta inalia, ulisimama kwenye -0.60, labda nywele moja pungufu. Ringi haziponi kwa kuteremka mlima.

Tulinunua mchele, tukarudi.

Kuifunga

Kabla sijaendelea na kwa nini gari lilikuwa zito (maana lilikuwa zito kweli, mlima peke yake haukueleza yote), niseme jinsi geji ilivyofungwa, kwa sababu nimeona zikifungwa vibaya na kisha watu wanalaumu injini.

Mpira wa geji uchukue presha kwenye manifoldi, yaani baada ya throto, siyo kati ya turbo na throto. Ukichukua kabla ya throto hutaona upande wa hasi kabisa, na nusu ya faida ya geji imekwenda. Kwenye dizeli nyingi za zamani hakuna throto, kwa hiyo dizeli ikiwa sailensi inasoma sifuri au karibu na hapo, na huo si ugonjwa. Mwenye Land Cruiser ya dizeli asilinganishe na mwenye Subaru.

Fundi alitafuta kijimpira chembamba kinachotoka manifoldi, akakikata na kuweka kiungo cha T, na kila mdomo wa T ukafungwa klipu. Usitumie mpira wa hidro ya breki, ule mnene. Breki zako zinasaidiwa na huo mvuto wa hasi, na huku milimani tayari msaada wake ni mdogo kuliko pwani. Kuweka kiungo cha bei rahisi hapo ni kuchezea kitu usichotaka kukikosa kwenye mteremko wa Iwambi.

Mpira upite mbali na ekzosi na turbo yenyewe, kwani hapo joto linayeyusha plastiki bila huruma. Kuingia ndani, tumia tundu ambalo tayari nyaya zinapitia, lenye raba yake. Ukitoboa bati bila raba, ukingo utaukata mpira polepole. Usiukunje kwa nguvu nyuma ya dashibodi: mpira uliojikunja hautoi kosa kubwa la kukushtua, unafanya mshale uwe mvivu tu, na utasoma uongo kwa miezi. Taa ya geji iunganishwe kwenye waya wa taa ndogo, na iwe na fyuzi.

Baada ya kufunga, zima injini, subiri kidogo, angalia mshale. Lazima uwe sifuri. Mbeya, Dar, Kyela, popote. Kisha washa: kama sailensi imepanda au injini inatetemeka kuliko kabla ya kufunga, kuna mdomo wa T unavuta hewa.

Kuna geji ambazo kasha lake limezibwa kabisa. Kama zilizibwa pwani, ndani zimebeba hewa ya pwani, na ukizifikisha Mbeya zitasoma karibu -0.18 injini ikiwa imezimwa. Ugonjwa huohuo utaukuta kwenye programu za simu zinazounganishwa na kompyuta ya gari. Sensa ya gari lenyewe inapima presha halisi, siyo tofauti. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, Mbeya itakuonyesha kama 83. Gari lako ni kituo kidogo cha hali ya hewa na hukujua. Tatizo ni programu inayotoa 101 kila mahali, ikidhani dunia nzima iko ufukweni. Hiyo itakuonyesha -0.66 Mbeya, namba nzuri kama ya kwenye karatasi, halafu ukikanyaga itakuficha karibu bar 0.18 ya turbo yako. Na usijaribu kuisahihisha kwa presha unayoiona kwenye taarifa za hali ya hewa za simu: ile huandikwa kama 1,015 hivi hata kwetu, kwa sababu huwa inarekebishwa kuwa kana kwamba mji uko usawa wa bahari.

Upande wa chanya

Sasa turbo. Moshi wa ekzosi unazungusha feni upande mmoja, feni ya upande wa pili inasukumia hewa injini. Kukiwa na hewa ya kutosha, mlango mdogo unafunguka na kupitisha moshi pembeni ili turbo isizidi. Mafundi wanauita westigeti. Kwenye mifumo rahisi mlango huo unashikiliwa na springi, na springi nayo, kama geji, inalinganisha na hewa ya nje.

Kwa hiyo tuseme springi imewekwa 0.6. Dar mshale utapanda mpaka 0.6. Mbeya mshale utapanda mpaka 0.6. Mwenye gari anafurahi, "turbo haijui mlima!" Inajua. Dar, 0.6 juu ya 101 ni kPa 161 zinazoingia kwenye injini. Mbeya, 0.6 juu ya 83 ni 143. Umepoteza asilimia 11, na geji haikukwambia. Bado una nafuu kuliko jirani mwenye gari lisilo na turbo ambaye amepoteza 18. Ndiyo maana turbo na milima zinajuana tangu zamani: mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege juu ya Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 hivi, ili kuthibitisha kwamba turbo inarudisha nguvu ambayo hewa nyembamba imeichukua.

Kuna vijana watakwambia wanaweza "kuirudisha Dar", yaani kuongeza presha mpaka injini ipate 161 zake. Geji itasoma 0.78. Inaonekana nyongeza ndogo. Iangalie kwa macho ya turbo: Dar inabana hewa mara 1.6, Mbeya itaibana mara 1.94. Lazima izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inayobanwa inapata joto. Kwa hesabu yangu ya haraka, nikichukua turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Dar ya nyuzi 30 inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 90 hivi. Ya Mbeya ya nyuzi 20 inatoka ikiwa zaidi ya 105. Umeanza na hewa ya baridi, umemaliza na ya moto zaidi. Magari yenye kompyuta nzuri hufanya sehemu ya marekebisho haya yenyewe, na yanajua pa kuishia. Springi iliyokazwa kwa spana haijui.

Kilichokuwa kibovu

Tulipotoka Kyela tulimwomba fundi apande garini. Barabara ya Chunya, kilima cha mwanzo, gia ya tatu, shemeji akakanyaga mpaka chini, mimi macho kwenye geji (dereva asisome geji akiwa amekanyaga hivyo, awe na mtu pembeni). Mshale ukavuka sifuri vizuri, ukafika 0.35, ukagoma. Gari lilitoka kiwandani likiwa na zaidi ya hapo, na tumeshaona kwamba springi haipunguzwi na mlima. Kwa hiyo upungufu wa namba hii, tofauti na ule wa sailensi, ulikuwa ugonjwa wa kweli.

Fundi alisikia kabla sijamaliza kuwaza. "Simama. Kuna hewa inatoka, sikiliza." Mluzi mwembamba, unakuja tu ukikanyaga. Alifungua boneti, akapitisha vidole chini ya intakula, hiki kipozeo cha hewa ya turbo, na kwenye kiungo cha mpira kati yake na turbo akakuta ufa unaoingia ukucha. Ukiwa umetulia unajifunga. Presha ikija unafunguka.

Na ona: huo ufa uko kabla ya throto, ndiyo maana sailensi haikuuonyesha hata kidogo. Namba iliyoonekana mbaya ilikuwa nzima, na mahali penye ubaya palikuwa hapajaangaliwa bado, kwa sababu gari lilipimwa limesimama.

Mpira ulipatikana Mwanjelwa, wa gari lililochinjwa, na klipu mbili mpya. Kesho yake, kilima kilekile, gia ileile, 0.6. Bado si gari la Dar, na shemeji ameacha kulitegemea liwe hivyo. Viazi vilivunwa vilipokomaa.

Fundi amebandika kipande cha karatasi ndani ya mlango wa kabati lake la spana. Kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Sailensi petroli: Mbeya 48, Kyela 60, Dar 66. Kwanza zima, iwe 0." Chini yake ameongeza mwenyewe, na kwa hesabu zangu hajakosea sana: "Chunya juu mlimani, 40 na kitu, usishtuke."